Mwaka Niliolivuta Lori la Buluu

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Yoane Lubunga hapa Rumonge, na siku ya tatu ya matanga mume wangu alisema jambo lililowachekesha waombolezaji mpaka binti mkubwa wa marehemu akashika mbavu. Mchungaji alikuwa anamaliza kumsifu marehemu. Alisema kwamba mwaka wa uhuru fundi huyu alitengeneza lori kwa mikono yake, likayashinda malori ya Wazungu. Ramadhani wangu, ambaye siku hizi anasikia kwa sikio moja na anatembea kwa fimbo, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mchungaji, unisamehe," akasema. "Lubunga alikuwa rafiki yangu, na kwenye matanga ya rafiki hatusemi uongo. Lori lake lilikuwa la kuvuta. La safari lilikuwa langu." Kisha akaninyooshea fimbo. "Na aliyeliendesha ni yule pale anayekunywa chai." Vijana wote waligeuka kunitazama. Walikuwa wamesikia habari za lile lori tangu utotoni, wakidhani ni hadithi ya wazee, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba dereva wake alikuwa mwanamke. Jioni ile mjukuu wa marehemu aliniletea daftari tupu na kalamu, akaniomba niandike kabla sijasahau. Sijasahau. Majina ya wajukuu wangu ndiyo yananipotea, lakini sauti ya ile injini naweza kuiigiza mpaka leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa fundi cherehani. Habari za nyumbani kwetu hazina kazi hapa, itoshe kusema nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Asha, mjane mwenye mgahawa katika mtaa wa Waswahili, karibu na soko la samaki. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na dirisha dogo lililotazama ua wa nyuma, ambako Lubunga alikuwa na karakana yake. Cherehani yangu ilikaa barazani, na kati yangu na wala chakula palikuwa na ukuta wa matete tu. Sikuweza kuwaona, lakini niliwajua kwa sauti, kwa kikohozi, hata kwa namna walivyomumunya mifupa ya samaki. Bi Asha alipika ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese na pilipili nyingi, na siku ya Ijumaa wali na samaki wa mukeke wa kuchoma. Wanaume walikula haraka, kisha wakakaa muda mrefu, maana maneno ndiyo yaliyokuwa chakula chenyewe. Mwaka ule watu wangetarajia maneno hayo yawe juu ya uhuru, juu ya bendera na nani atakaa kwenye kiti cha Mbelgiji. Hayo yalisemwa, lakini kwa sauti ya chini. Kwa sauti ya juu waligombania magari.

Ugomvi ulikuwa baina ya watu wawili. Mmoja alikuwa Ramadhani, dereva wa Bwana Hilali, mfanyabiashara mkubwa wa ndagala. Bwana Hilali alikuwa ameagiza lori jipya la buluu kutoka Ulaya. Lilikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam, kwa treni mpaka Kigoma, na kwa meli tena mpaka Usumbura, ambayo mwaka ule tulikuwa tunajifunza kuiita Bujumbura. Ramadhani alilifuta kila asubuhi kwa kitambaa nilichomshonea mimi, na aliliendesha akiwa amevaa soksi nyeupe, jambo ambalo Rumonge ilikuwa haijaliona. Wa pili alikuwa Lubunga, aliyekuja kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya kuchomwa na chuma. Yeye alikuwa anajenga lori lake mwenyewe pale uani, na lilikuwa bado halina hata magurudumu.

"Asubuhi niko hapa, saa sita niko Bujumbura, jioni nakula kwa Bi Asha," nilimsikia Ramadhani akisema siku moja nyuma ya matete. "Na ukiweka kikombe cha chai mbele yangu, hakimwagiki."

"Na siku kitu kikivunjika?" Lubunga akauliza.

"Hakivunjiki."

"Kila chuma inavunjika, ndugu yangu. Ile yako ikivunjika, utaandika barua Ulaya. Ile yangu ikivunjika, nitaenda kwa muhunzi."

"Ile yako iko wapi? Mimi naona kuni tu."

Walicheka wote, na Lubunga naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa naliona lile lori kupitia dirisha langu, likiota kidogo kidogo kama mmea. Chasisi aliitoa kwenye lori la jeshi lililokuwa limelala mtaroni njia ya Gatete. Injini ilitoka kwenye mashine ya zamani ya kuparua barabara, ambayo wenyewe waliitupa baada ya bapa lake la kuparulia kukatika. Injini ile haikujua mbio, lakini kifua chake kilikuwa cha ng'ombe. Kwa kuwa Rumonge haikuwa na mtu wa kukunja bati, kibanda cha dereva alikijenga Issa, fundi wa mitumbwi. Alikijenga kwa namna aliyoijua: mbavu za mvule zilizopindwa, mbao juu yake, na pamba iliyosindiliwa kwenye kila mwanya ili maji yasipite. Mimi nikapewa kazi ya viti na turubai. Viti nilivishona kwa tanga kuukuu na kuvijaza sufi, mishono mitatu mitatu, vidole vikavimba. Mtaa mzima ulilipa lile lori jina la Sanduku hata kabla halijawaka.

Tatizo lilikuwa kwamba Issa alikuwa mtu mfupi sana, na kimo cha paa alikipima kwa kichwa chake mwenyewe. Siku kazi ilipokwisha, madereva walikuja kulijaribu, wengine kwa kutaka kazi, wengi kwa kutaka kucheka. Kila aliyekaa alipinda shingo kama kuku anayesikiliza. Lubunga ndiye aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote, maana ili aone mbele ilimbidi atoe kichwa dirishani. Akamwomba Issa ainue paa. Issa akakataa. Kuinua paa kulimaanisha kukata mbavu, naye alisema, "Mutumbwi haubomolewi sababu ya kichwa ya mutu." Madereva wakaondoka wakiimba. Nikapanda mimi, kwa kazi yangu tu, kukagua kama mshono wa kiti cha dereva umeshika. Nilikaa, nikaegemea, miguu ikafika chini vizuri, na mbele yangu nikaona kioo, ua, na uso wa Lubunga, macho yake yakipima nafasi kati ya kichwa changu na paa.

"Mwajuma," akasema polepole. "Kanyaga ile ya kushoto. Kanyaga mpaka mwisho."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Wazee wenzangu wameniuliza mara nyingi kama nilikuwa na ujasiri, na huwa nasema hapana, nilikuwa na kimo kilichotakiwa. Lubunga alikaa pembeni yangu akiwa amejikunja magoti mpaka kidevuni, akinifundisha kwa masikio kuliko kwa macho. "Sikia. Analalamika. Mupunguzie." Alinifundisha kuingiza giya bila kuumiza meno ya chuma, kisha akanifungia trela nyuma, na hapo nikagundua kwamba nilichokuwa najua hakikuwa kitu. Trela ina akili yake. Ukitaka kuirudisha nyuma upande wa kulia, unazungusha usukani kushoto, nayo inakubali kwa hatua tatu, halafu inabadili mawazo. Nilibomoa ukuta wa matete wa Bi Asha mara mbili. Mara ya pili wanaume waliokuwa wanakula walibaki wameshika matonge hewani, na Bi Asha akatoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama, akasema, "Angalau sasa utawaona hao unaowasikiliza kila siku."

Sikukuu ya uhuru ilitukuta bado tunajifunza. Lori la buluu lilipambwa kwa makuti ya michikichi na kuwabeba wakubwa mpaka uwanjani. Sisi tulitumwa Kizuka kuwaleta wamama wanaopika mawese. Walipanda kwenye trela wakiwa wamevaa vitambaa vipya, wakiimba, na tulikwenda mwendo wa Sanduku, yaani mwendo wa mtu mzima asiye na haraka. Tulifika hotuba zimekwisha na ngoma zimeanza. Hakuna aliyekasirika, maana wengi walikuja kwa ajili ya ngoma. Kiongozi wao, Mama Sabina, mwanamke wa Kizuka mwenye sauti nzito, alishuka akaligonga Sanduku ubavuni kama anayempongeza ng'ombe. "Murakoze," akashukuru. "Njiani nilishuka nikachuma mboga, nikalifikia tena."

Nataja maneno hayo kwa sababu ndiyo yaliyotunyima kazi. Miezi michache baadaye wamama wa Kizuka walichanga na kununua mashine ya kukamulia mawese kutoka kwa mkulima wa Kibelgiji wa upande wa Nyanza-Lac aliyekuwa anarudi kwao. Mpaka wakati ule walikuwa wanakanyaga chikichi kwa miguu ndani ya mitumbwi mikuukuu, mafuta yakiwafika magotini, na nusu ya mafuta ikibaki kwenye makapi. Mashine ilikuwa gurudumu kubwa, tangi, na presi ya chuma kizito, vyote vimefungwa juu ya trela yake. Ilibidi ivutwe mpaka Rumonge kabla mvua hazijakolea, maana daraja la mbao la mto Murembwe lisingebeba uzito ule, na kwenye kivuko cha chini, mto ukijaa, hapapiti kitu mpaka msimu uishe. Lubunga aliomba kazi hiyo. Mama Sabina alimwambia kwa upole kwamba anamheshimu, lakini anataka mashine ifike yeye akiwa bado hai. Akampa Bwana Hilali.

Ramadhani aliondoka Jumatatu na lori la buluu. Alirudi Jumatano kwa baiskeli ya kuazima, soksi zake zikiwa rangi ya udongo. Nilimwona vizuri, kwa kuwa ukuta wa matete ulikuwa haujajengwa upya. Alikaa, Bi Asha akamwekea sahani, hakuigusa. Alieleza kwamba alilivuta lile dude kutoka Nyanza-Lac mpaka ndani ya msitu wa Kigwena, na kwenye mlima mfupi wa pale klachi iliungua. Lori sasa halivuti hata lenyewe. Klachi nyingine ingetoka Ulaya. Mama Sabina alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, kwa sababu alikuja kupokea mashine yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kitambaa chake mabegani, akauliza kitu kimoja tu kwa sauti yake ile nzito: "Mvua ikinyesha kesho?" Nilitegemea watu wacheke, maana Ramadhani alikuwa amewacheka wengi, lakini hakuna aliyecheka. Lubunga akasukuma sahani yake mbele. "Lori halina kosa," akasema. "Limetengenezwa kubeba mzigo mgongoni na kukimbia. Sisi ndio tulilibebesha kazi ya punda." Kisha akanigeukia. "Mwajuma, kesho alfajiri?"

Kabla sijalala Bi Asha alikuja chumbani kwangu akakaa kwenye kigoda. Alisema kwamba wako wateja ambao tayari wamepeleka nguo zao kwa fundi mwingine, kwa kuwa hawataki kushonewa na mwanamke anayenuka grisi. Ukienda Kigwena ukashindwa, akasema, hawatamcheka Lubunga, watakucheka wewe, na watakucheka mpaka uwe mzee kama mimi. Nilimuuliza kama anataka nisiende. Akasema, "Nataka ule kwanza." Akanifungia chapati kumi na ndagala katika jani la mgomba.

Tulifika Kigwena mchana, mimi, Lubunga, Ramadhani, na Mama Sabina akiwa na wenzake wanane nyuma, chini ya turubai. Msitu ule hauna upepo. Michikichi inaisha ghafla, miti mikubwa inaanza, na mtu anajikuta anaongea kwa kunong'ona bila kuambiwa. Lori la buluu lilikuwa limesimama kando ya njia, likiwa safi ajabu, na nyuma yake ile mashine juu ya trela, kubwa kuliko nilivyodhani. Wakati tunaizunguka tukiitazama, nyani waliingia kwenye kibanda cha Sanduku wakatoka na chapati zote kumi. Ramadhani alisema kwamba kibanda cha lori lake hufungwa kwa ufunguo. Ndilo neno la kwanza alilosema tangu asubuhi, na nilifurahi kulisikia.

Lubunga alitaka tuifunge mashine kwenye Sanduku, tuivute mpaka Rumonge, kisha siku nyingine turudi kuchukua lori la buluu. Ramadhani alikuwa amelala chali chini ya Sanduku, akitazama breki. Akatoka, akajipangusa. "Fundi, lori lako litaupandisha huu mzigo," akasema. "Mimi sina shaka. Lakini kuupandisha si kazi. Kazi ni kuuteremsha. Kule Murembwe njia inashuka mpaka majini, na hizi breki zako ni za kusimamisha baiskeli. Mzigo utamsukuma huyu dada mpaka ziwani." Akasema tulifunge lori la buluu nyuma kabisa, nyuma ya mashine, kwa mnyororo. Haliwezi kuvuta, lakini injini yake inawaka na breki zake ni nzima. Sanduku litavuta vyote viwili, na kwenye mteremko yeye atakuwa anashika kwa nyuma.

Kwa miaka miwili Lubunga alikuwa akijenga lori ili asimhitaji mtu wa Ulaya, na sasa anaambiwa asimame kwa breki za Ulaya. "Hiyo ni kuvuta kamyo mbili," akasema, yaani malori mawili. "Motere itachemka."

"Injini ichemke," Ramadhani akasema. "Kuchemka kuna dawa."

Walianza kubishana kama vile wako mgahawani, na mimi niliwasikiliza kama vile bado niko nyuma ya matete. Halafu nikakumbuka kwamba sipo nyuma ya matete. Mwezi mmoja kabla, kwenye kilima cha Gatete, trela tupu ilinisukuma mgongoni, na kwa muda wa pumzi mbili nilijua kwamba sidhibiti kitu chochote. Sikumwambia Lubunga siku ile kwa aibu. Nikamwambia pale, mbele ya wote. "Anayekaa mbele ni mimi," nikasema. "Fungeni mnyororo." Lubunga alinitazama, akaenda mwenyewe kuuleta.

Kutoka Kigwena mpaka Murembwe ni tambarare, na tulikwenda kwa mwendo ambao kina mama walitembea pembeni wakipiga hadithi. Sanduku lilinguruma sauti moja tu, haipandi wala haishuki, na nilihisi uzito wote ule nyuma yangu kama mtu aliyenishika kiuno. Kwenye ukingo wa mto tukasimama. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima, na maji yalikuwa tayari yana rangi ya chai ya maziwa. Tulikubaliana alama: honi moja ya Ramadhani maana yake nisubiri, mbili niende, na mimi kwa kuwa Sanduku halikuwa na honi ningetoa mkono dirishani. Lubunga alishuka aende kwa miguu mbele yangu, akitembea kinyumenyume, macho yake kwenye magurudumu. Niliweka giya ya kwanza. Nikaachia.

Mita za mwanzo zilikuwa nzuri. Halafu trela ikaanza kunisukuma. Sanduku likainama mbele, kanyagio la breki likazama mpaka chini bila kushika chochote, na nikaona Lubunga anakuja karibu upesi kuliko alivyokuwa anarudi. Nilitoa mkono. Nyuma nikasikia mnyororo ukilia, mlio mkali mrefu, na mara Sanduku likatulia, kama mtoto aliyeshikwa ukosi. Ramadhani alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Zikaja honi mbili. Nikashuka hatua nyingine. Honi moja, nikasubiri. Honi mbili. Tulishuka mteremko ule kama vipofu wawili wanaoshikana mikono, na mpaka nafikia maji nilikuwa nimelowa jasho mpaka sufi ya kiti. Maji yalifika kwenye bawaba za milango, lakini Issa alikuwa amesindilia pamba yake kwa haki, na miguu yangu ilibaki mikavu.

Kupanda ng'ambo ndiko Sanduku lilikuwa nyumbani. Lilipanda bila kuteleza, polepole, tope likiruka, mpaka katikati ya mlima, na hapo rejeta ikachemka kama Lubunga alivyosema. Nikasimama, kina mama wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, wakashuka mtoni na madebe yao ya mawese, wakapanga mstari, wakapitishiana maji mkono kwa mkono wakiimba wimbo uleule wa sikukuu ya uhuru. Tulichemka mara nne. Mara ya nne tulikuwa juu. Mama Sabina alikuja dirishani kwangu akiwa ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Alinishika mkono uliokuwa kwenye usukani akaushikilia, mkono wake juu ya wangu, mpaka injini ikapoa. Mvua ilianza tulipokuwa tunaingia Rumonge, jua bado lipo, na watu wakatoka kwenye baraza zote kutazama kitu ambacho hawakujua wacheke au washangilie: lori la mbao, linaendeshwa na fundi cherehani, linavuta mashine, na mashine inavuta lori jipya la Bwana Hilali, ndani yake Ramadhani amekaa wima akipungia mkono kama gavana.

Miaka kumi baadaye, baada ya mauaji ya sabini na mbili, wengi waliosimama kwenye baraza zile hawakuwepo tena, na sisi wenyewe tulikuwa tumevuka ziwa. Niliporudi sikuuliza Sanduku liliishia wapi. Mtu akipoteza watu haulizi habari za lori. Lakini nimeona nikiacha miaka ile ya giza ifunike na mwaka ule wa uhuru, nitakuwa nimewadhulumu, kwa sababu walicheka sana siku ile, na kicheko chao kilikuwa cha kweli.

Mashine ilifanya kazi Kizuka, na mawese ya kwanza Mama Sabina alituletea debe zima. Klachi ya lori la buluu ilifika kutoka Ulaya mwaka ukikaribia kwisha, na Ramadhani akaniomba niende naye Bujumbura kuchagua vitambaa. Lazima niseme ukweli hapa, kama yeye alivyosema kwenye matanga. Sanduku lilikuwa limenipeleka Bujumbura mara moja, tukasimama mara sita, na usiku ule meno yangu yaliendelea kugongana nikiwa kitandani. Ndani ya lori la buluu nilisikia ndege wa ufukweni wakilia. Niliona ziwa likipita pembeni, milima ya Kongo ng'ambo, wavuvi wakianika ndagala mchangani, na kabla ya kufika mbali nikalala. Niliamka mjini, ninaona haya. Ramadhani alikuwa na adabu, hakusema kitu mpaka tunarudi. "Dereva akilala kwenye gari la mwenzake," akasema, "hiyo ni sifa au tusi?"

"Ni sifa," nikamwambia. "Lakini usimwambie Lubunga."

"Nitanyamaza kwa sharti moja," akasema, na sharti lenyewe lilikuwa posa. Nilimjibu kwamba na mimi nina sharti: sitaacha kuendesha. Akachukua kitambaa chake akafuta kioo kisicho na vumbi, nikadhani nimemwudhi. Kumbe alikuwa anafikiria jambo lingine. "Basi itabidi uwe na permi," akasema.

Leseni ya kuendesha nilikuwa nimeisahau. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na ofisi yenyewe ilikuwa imebadilika mikono. Wiki iliyofuata nikaitwa huko, maana habari za kivuko zilikuwa zimefika mbali. Ofisa mpya alikuwa kijana Mrundi mwenye suti iliyomzidi mabega, na kwa jicho la fundi niliona mara moja kwamba si yake. Alinisalimia, "Amahoro, mama," ingawa nilikuwa binti. Alikuwa na vitabu vya Kifaransa mezani na wasiwasi usoni, akaniambia kwa uwazi kwamba mimi ni mtu wake wa kwanza. Kitabu kilisema mtahiniwa arudishe gari nyuma. Nikamuuliza, na trela au bila trela? Akatazama kitabu. Kitabu hakikusema. "Na trela," akasema, akiwa hajui alichoniombea.

Nilirudisha Sanduku na trela yake kutoka barabarani mpaka uani mwa ofisi, katikati ya nguzo mbili za lango, Lubunga na Ramadhani wakitazama, na sikugusa nguzo. Ofisa alizunguka trela nzima, akapima nafasi ya pande zote mbili kwa kiganja. Kisha tukaingia ndani. Akatoa fomu kwenye droo, fomu za Wabelgiji, maana mpya zilikuwa hazijachapwa. Alianza kuandika, akasimama. Fomu ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa "le nommé", yaani mwanamume fulani aitwaye, na haikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Alilitazama lile neno kwa muda. Nilidhani ataniambia nirudi siku fomu mpya zitakapokuja. Badala yake alichovya kalamu kwenye wino, akaibadilisha "le" kuwa "la", na mwisho wa neno la pili akaongeza herufi "e" moja ndogo, kwa mwandiko wa shule, fomu ikawa ya mwanamke. Akapuliza wino ukauke, akapiga muhuri, akanipa kwa mikono miwili.

"Sasa," akasema, "mimi mwenyewe sijui kuendesha. Mungenifikisha nyumbani?"